Baada ya Mtihani: Kulinganisha Majibu, Tanga Hadi Sydney

Kila mwaka mijakaranda ya Sydney inapochanua, kati ya Oktoba na Novemba, sisi wenye watoto wa mwaka wa 12 tunajua kwamba nyumba zetu zimeingia msimu mwingine. Runinga huzimwa mapema, wageni huombwa radhi, na chai hupikwa hata saa sita za usiku. Ni msimu wa HSC, mtihani wa kumaliza sekondari katika jimbo letu hili la New South Wales. Wenzetu waliokulia Arusha na Nairobi wanasema maua hayo ya zambarau huwarudisha nyumbani moja kwa moja, kwa kuwa kule nako huchanua miezi hiyo hiyo, na kule nako ndiyo miezi ya mitihani.

Siku ya mtihani wa fizikia tulikwenda kumchukua binti yetu shuleni, huku magharibi ya jiji. Mtihani wenyewe siku hizi ni wa saa tatu na alama 100, na maswali 20 ya kwanza ni ya kuchagua jibu moja kati ya manne. Tuliwakuta wanne nje ya lango, sare zimekunjamana, kila mmoja na chupa yake ya maji. Hawakutuona. Walikuwa wamezama katika shughuli ambayo hakuna mwalimu aliyewafundisha, na ambayo hakuna mwanafunzi popote asiyeijua: wewe namba saba umejibu nini?

Ubishi ulikuwa juu ya satelaiti. Inaizunguka dunia kwa chini, mahali ambapo bado kuna hewa kidogo, na hewa hiyo inaisugua. Je, kasi yake inapungua au inaongezeka? Watatu, binti yetu akiwa mmoja wao, walisema inapungua, na sababu walikuwa nayo: kitu kikisuguliwa hupoteza mwendo, kama baiskeli unapoacha kuikanyaga. Wa nne, kijana mwembamba aliyekaa chini ukingoni mwa njia, alisema kwa sauti ndogo kwamba inaongezeka. Wenzake walicheka, wala si kwa ubaya. Akaanza kueleza, akakatizwa. Akaanza tena, akakatizwa tena. Mwisho akatoa simu yake akaitazama kana kwamba kuna aliyempigia.

Ndani ya gari tulimuuliza binti yetu juu ya yule kijana. Akajibu huku anafunga mkanda, "Baba, sisi watatu tumepata jibu moja. Yeye peke yake ndiye kapata lingine."

Hatukusema neno mpaka tulipofika kwenye taa za barabarani. Jibu lake lilitukumbusha mwembe mmoja mkoani Tanga, na watu watano waliokaa chini yake miaka mingi iliyopita.

Mwaka 1987 tulikuwa kidato cha nne katika shule ya bweni. Fizikia ilikuwa na mtihani wa nadharia, na siku nyingine mtihani wa vitendo katika maabara. Walimu walituonya kwa maneno yale yale wanayoambiwa watoto wa hapa: pepa ikiisha imeisha, msilinganishe majibu, mtajivunja moyo kwa bure. Tuliitikia, kisha tukatoka moja kwa moja mpaka chini ya mwembe uliokuwa nyuma ya jiko, tukaanza kulinganisha.

Swali lililotugombanisha lilikuwa la mtumbwi. Maneno yake kamili yametutoka, lakini kiini chake ni hiki. Mtumbwi unaelea kwenye bwawa dogo, na ndani yake mna jiwe kubwa. Mwenye mtumbwi analichukua jiwe na kulitosa majini, nalo linazama hadi chini. Je, kina cha maji ya bwawa kitapanda, kitashuka, au kitabaki pale pale? Msomaji, kabla hujaendelea, chagua jibu lako.

Wanne wetu tulisema kinabaki pale pale. Jiwe lilikuwa bwawani tangu mwanzo, tukasema. Limehama tu kutoka ndani ya mtumbwi kwenda chini. Miongoni mwetu alikuwamo kijana aliyeongoza darasa kila muhula, na jibu lake lilitutosha kama muhuri. Wa tano alikuwa mtoto wa mvuvi kutoka pwani ya kusini. Fizikia yake haikuwa mbaya, ila Kiingereza kilimsumbua, na darasani hakuwa mtu wa kunyoosha mkono. Akasema kina kinashuka. Tukamwuliza kwa nini. Akasema, kwa Kiswahili, kwamba jiwe likiwa ndani ya chombo linasukuma maji kwa uzito wake, na likiwa chini linasukuma maji kwa ukubwa wake tu.

Tulicheka sana. Mmoja wetu alimwambia kwamba hayo ni mambo ya wavuvi, si ya Archimedes, na jina hilo likamshika. Mpaka tunamaliza shule aliitwa Archimedes wa Wavuvi. Aliyelitunga jina hilo ndiye anayeandika makala haya.

Kabla ya kueleza nani alikuwa sahihi, ni vizuri tuangalie jambo hili la kulinganisha majibu lilikotoka, kwani lina historia ndefu kuliko tunavyodhani, na historia hiyo inaigusa Sydney kama inavyoigusa Tanga.

Mwaka 1858 vyuo vikuu vya Oxford na Cambridge vilianza kutunga mitihani kwa ajili ya shule zilizo nje ya vyuo hivyo. Jambo jipya lilikuwa kwamba mtoto wa mji huu na mtoto wa mji ule, wasiojuana, waliweza kuulizwa maswali yale yale na kupimwa kwa kipimo kimoja na mtu asiyewajua. Miaka mitano tu baadaye, mwaka 1863, mtihani wa Cambridge ulivuka bahari na kufanyiwa Trinidad. Kutoka hapo ukaenea katika makoloni.

Sydney ilifuata njia yake. Chuo Kikuu cha Sydney, kilichoanzishwa mwaka 1850, kilianza mitihani yake cha chenyewe kwa ajili ya shule mwaka 1867. Mfano wake ulitoka Uingereza, lakini watungaji na wasahihishaji walikuwa hapa hapa. Baadaye serikali ya jimbo ikaingia, na kuanzia mwaka 1913 kukawa na mtihani wa kuhitimu ulioitwa Leaving Certificate. Kisha kamati iliyoongozwa na Harold Wyndham ikatoa ripoti mwaka 1957 iliyopanga upya elimu yote ya sekondari, sheria ikapitishwa mwaka 1961, na HSC ya kwanza ikafanyika mwaka 1967. Katika miaka hiyo hiyo Profesa Harry Messel, aliyeongoza idara ya fizikia ya Chuo Kikuu cha Sydney kuanzia mwaka 1952 hadi 1987, alisimamia uandishi wa kitabu kikubwa cha sayansi kwa ajili ya sekondari, kilichotoka mwaka 1964. Yaani wataalamu wa fizikia wa mji huu walikuwa na mkono katika kile ambacho mtoto wa mji huu angeulizwa.

Kwetu mambo yalikuwa tofauti. Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar zilifanya mtihani wa Cambridge kwa miongo mingi. Karatasi za majibu zilifungwa na kupelekwa Uingereza, na baada ya miezi likarudi jina na alama. Walimu wetu waliosoma enzi hizo walitusimulia kwamba walikuwa kama watu waliotia barua ndani ya chupa wakaitupa baharini. Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki liliundwa mwaka 1967, mwaka ule ule wa HSC ya kwanza. Tanzania ilijitoa mwaka 1971, na sheria ya Baraza la Mitihani la Tanzania ikatungwa mwaka 1973. Kenya ilipata baraza lake mwaka 1980, na Uganda mwaka 1983. Ukihesabu utaona kwamba kati ya Sydney kuanza kusahihisha watoto wake na Tanzania kuanza kusahihisha wa kwake ilipita zaidi ya miaka 100.

Kwa hiyo yule babu wa mwaka 1950 aliyetoka kwenye chumba cha mtihani huko Tabora au Mombasa hakuwa na pa kuuliza. Jibu sahihi lilikaa ng'ambo. Lililokuwapo karibu ni mwenzake aliyetoka chumba kile kile, na ndiyo maana wakakaa chini ya mti. Wengi huliita jambo hilo woga, au umbea wa wanafunzi. Sisi tunadhani kwa vizazi kadhaa hiyo ndiyo ilikuwa njia pekee ya mtihani kumrudia mtu aliyeufanya. Alama iliyokuja baadaye ilimwambia amepata ngapi, lakini alikosea wapi haikumwambia.

Hapa Sydney watoto wamebahatika zaidi. Maswali ya HSC huchapishwa baada ya mtihani, na baadaye hutoka mwongozo wa usahihishaji unaoonyesha alama zilitolewa kwa lipi. Tangu mwaka 2001 matokeo hutolewa kwa kulinganishwa na viwango vilivyoandikwa wazi, na nusu ya alama hutokana na kazi za shuleni. Hata hivyo hawasubiri mwongozo. Wanasimama langoni na kubishana vile vile.

Kuna jambo la pili lililokuwa chini ya mwembe wetu, ambalo halikuwa chumbani. Mtihani ulikuwa kwa Kiingereza, lakini ubishi ulikuwa kwa Kiswahili.

Nusu ya maneno tuliyokariri darasani hatukuwahi kuyatumia kusema jambo letu wenyewe. Tuliweza kuandika kanuni ya Archimedes bila kukosea hata nukta, lakini ilikuwa ya kuandikwa tu. Chini ya mwembe hapakuwa na nafasi ya kukariri, kwa sababu mtu akikuuliza kwa Kiswahili kwa nini maji yasishuke, itakubidi uwe unajua. Tume ya Rais iliyoongozwa na Jackson Makweta, iliyoripoti mwaka 1982, ilipendekeza Kiswahili kianze kutumika kufundishia sekondari mwaka 1985. Pendekezo hilo halikutekelezwa. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia, iliyotayarishwa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ilitoka mwaka 1990, sisi tukiwa tumekwisha kuondoka. Na hadi leo mtihani wa fizikia wa kidato cha nne huandikwa kwa Kiingereza.

Tunalisema hili kwa sababu linahusu dhambi yetu. Mtoto wa mvuvi alieleza kwa Kiswahili kilichonyooka, kwa sentensi moja. Kiongozi wa darasa yeye alisema kanuni kwa Kiingereza kizuri. Sisi tulimsikiliza yule wa Kiingereza.

Haya hayakuwa mageni mkoani Tanga. Mwaka 1963, katika sekondari ya Magamba, Lushoto, mwanafunzi wa kidato cha tatu aitwaye Erasto Mpemba alikuwa akitengeneza aiskrimu na wenzake. Desturi ilikuwa kuchemsha maziwa na sukari, kuacha yapoe, kisha kuyatia kwenye jokofu. Nafasi ilikuwa finyu, akaogopa kuikosa, akayaweka yake yakiwa ya moto. Yakaganda kabla ya yale yaliyopozwa. Alipomwuliza mwalimu aliambiwa amechanganyikiwa. Akaendelea na masomo ya juu Mkwawa, Iringa, akauliza tena, akadhihakiwa na mwalimu, na wanafunzi wenzake wakaigeuza dhihaka hiyo kuwa msemo wao kila alipokosea kitu. Siku moja Dakta Denis Osborne wa Chuo cha Dar es Salaam akaja shuleni kuzungumza. Mpemba akasimama na kuuliza swali lile lile. Wenzake wakacheka. Osborne hakuwa na jibu, ila aliahidi kulijaribu, na aliporudi Dar es Salaam akalijaribu kweli. Mwaka 1969 wawili hao wakachapisha makala katika jarida la Physics Education, na tangu hapo jambo hilo linajulikana duniani kwa jina la Mpemba.

Hadithi hii Watanzania tunapenda kuisimulia kwa majivuno, na majivuno hayo ni haki yetu. Lakini haijaisha. Mwaka 2016 watafiti wawili, Burridge na Linden, walichapisha uchunguzi uliotilia shaka kama jambo lenyewe lipo, wakionyesha jinsi mahali pa kuweka kipimajoto panavyoweza kubadili matokeo. Wengine wanaendelea kulitetea. Kwa maneno mengine, wanafizikia wenyewe bado wako chini ya mwembe wanalinganisha majibu. Kinachotugusa sisi katika kisa hiki ni watu wawili tu: mwanafunzi aliyeuliza mara ya tatu baada ya kuchekwa mara mbili, na mgeni aliyekubali kwenda kujaribu.

Mwenzetu wa mtumbwi hakupata mgeni wa namna hiyo. Siku ya mtihani wa vitendo ilifika, na kazi ilikuwa ya pendulamu: kupima muda wa kubembea kwa urefu mbalimbali wa uzi, kisha kuchora grafu. Tulikaa meza zinazotazamana. Tuliona akipima, akiandika, kisha akichungulia grafu ya jirani na kufuta. Miaka mingi baadaye alitueleza. Vipimo vyake vilikuwa vizuri. Pointi moja tu haikukaa sawa na ya jirani, akaibadilisha, halafu ya pili, halafu ya tatu, mpaka mstari wake ukalingana na wa mtu aliyekuwa amekosea kuhesabu mibembeo. Matokeo yalipotoka, fizikia yake haikutosha kumpeleka mchepuo wa sayansi. Sisi wanne tulikwenda kidato cha tano.

Jibu la mtumbwi tulilipata ugenini, mwaka wa kwanza wa uhandisi, katika somo la maji na mwendo wake. Mhadhiri alileta tangi la kioo, kibakuli na kipande cha chuma. Akaweka alama kwenye kioo, akahamisha chuma kutoka kibakulini hadi chini ya tangi, na maji yakashuka mbele ya macho yetu.

Hesabu yake ni nyepesi. Chukua jiwe la kilo 5 lenye ukubwa wa lita 2. Likiwa ndani ya mtumbwi, mtumbwi lazima usukume maji ya uzito wa kilo 5 zaidi ili uendelee kuelea, nayo ni lita 5. Likiwa chini ya bwawa, linachukua nafasi yake tu, lita 2. Lita 3 zilizokuwa zimesukumwa juu hazisukumwi tena, na kina kinashuka. Ni sentensi ile ile ya mtoto wa mvuvi, uzito wake na ukubwa wake, ila imetiwa namba. Tuliinama tukajifanya tunaandika.

Tulikutana naye tena Tanga tulipokwenda likizo, watoto wetu wakiwa wadogo. Ana karakana ya kutengeneza maboti, na mikono yake imekuwa migumu kama mbao anazozifanyia kazi. Baada ya chai tulimwambia kwamba siku ile alikuwa sahihi, na kwamba jina tulilompa lilikuwa la aibu yetu, si yake. Alicheka, akaagiza chai nyingine.

"Nilijua," akasema. "Likizo ile ile nilijaza maji kwenye karai la mama, nikaelesha kifuu, nikatia jiwe. Nikarudia hata mara kumi."

Tukamwuliza kwa nini hakutuandikia.

"Mlikuwa wanne," akasema. "Mimi nilikuwa mmoja. Ningewaandikia nini?"

Ndugu wasomaji, hayo ndiyo tuliyokuwa tukiyawaza pale kwenye taa za barabarani, na binti yetu alidhani tumekasirishwa na mtihani wake.

Jioni ile, baada ya kula, tulimwomba atueleze swali la satelaiti upya, lakini kwa Kiswahili. Alilalamika kwanza. Kiswahili chake ni cha nyumbani: anaweza kusalimia wakubwa, kuomba chumvi na kuwatania binamu zake kwenye simu, lakini hajawahi kukitumia kusema jambo la shuleni. Alianza, akakwama, tukampa neno msuguano. Akakwama tena, tukampa mzingo. Neno kasi alikuwa nalo. Aliposema kwamba satelaiti inasuguliwa, inashuka, na kasi inapungua, alinyamaza ghafla kwenye lile neno inashuka.

"Ikishuka," akasema polepole, "si inaanguka?"

Tukamwambia aendelee.

"Kitu kinachoanguka kinaongeza kasi."

Hapo tulitoa karatasi. Chombo kinachozunguka kilomita 400 juu ya ardhi, kama kile kituo cha kimataifa cha anga, huenda kama kilomita 7.7 kwa sekunde. Satelaiti za GPS, zilizo kilomita 20,200 juu, huenda kama 3.9 tu. Walio chini huenda mbio zaidi. Hewa inapoisugua satelaiti inaipokonya nishati, satelaiti inashuka, na katika kushuka mvutano wa dunia unaipa zaidi ya kile ilichopokonywa. Nusu ya inachopata kwa kushuka inaliwa na msuguano, na nusu inageuka kuwa kasi. Nchi hii ina kumbukumbu yake ya jambo hilo. Skylab, kituo cha anga cha Marekani kilichorushwa mwaka 1973, kilishushwa na msuguano huo huo kidogo kidogo, hadi Julai 1979 vipande vyake vikaangukia Australia Magharibi, karibu na mji wa Esperance. Halmashauri ya mji, kwa utani, ikaitoza NASA faini ya dola 400 kwa kutupa takataka.

Binti yetu hakucheka. Alikuwa anahesabu alama. "Basi nimekosa," akasema. Tukamwambia ndiyo, ni alama moja kati ya 100, na haitamzuia kulala. Ndipo tukamsimulia habari za mwembe, bila kuficha nani aliyelitunga lile jina. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza kama ni kweli maji yanashuka. Tulitaka kumchorea. Yeye akaenda jikoni, akajaza maji kwenye sufuria kubwa ya pilau, akaelesha kibakuli cha plastiki, akatafuta jiwe, akakosa, akachukua mchi mdogo wa kutwangia iliki. Aliweka alama kwa kalamu pembeni mwa sufuria. Mama yake alimwona na akavumilia.

Alihamisha mchi. Akainama mpaka macho yakawa sawa na maji, akakaa hivyo kitambo.

Halafu akafuta mikono, akachukua simu, akatafuta jina la yule kijana wa ukingoni mwa njia. Tulimsikia akisema jina lake na neno la satelaiti, kisha akaingia chumbani na kufunga mlango. Taa ya chumba ilikuwa bado inawaka sisi tulipokwenda kulala.